Mama Aliyekuja kwa Faksi

Chizuru alikuwa jikoni anasuuza kombe wadogo wa ziwani kwa ajili ya supu, mashine ya faksi ikalia ushorobani. Mashine hiyo ilikaa juu ya kabati la viatu, imefunikwa kitambaa, na wageni wakija Chizuru aliweka na chombo cha maua juu yake ili ionekane ni meza ndogo. Katika jengo lao lote pale mjini Matsue hapakuwa na nyumba nyingine yenye faksi. Yeye alikuwa nayo kwa sababu ya mama yake, Toyono, aliyeishi peke yake milimani na asiyeamini maneno yasiyoonekana. Simu, alisema Toyono, ukishaikata hujui tena kama ulisema kweli au ulikuwa unawaza tu.

Karatasi ilitoka yenye joto, imejikunja, na mwandiko wa mama ulikuwa wima kama kawaida yake.

"Basi la huku limeacha kupokea hela. Dereva amebandika mlangoni picha ya sarafu iliyopigwa mstari. Anataka kadi au simu. Nilimwonyesha noti, akasema, bibi, noti yako ni nzuri lakini sina pa kuiweka. Kwa hiyo nitakuja kwa faksi. Kesho asubuhi, baada ya chai. Angalia kama karatasi inatosha."

Chizuru aliangalia. Karatasi ilitosha. Kilichomtia wasiwasi ni Bi. Sonoyama wa mlango wa pili, ambaye asubuhi hutoka kutupa taka na husikia kila kitu ukutani. Faksi ile ilikuwa na mlio mkali wa zamani, na mtu kamili angechukua muda kutoka.

Kesho yake Toyono alitoka kwa kutanguliza miguu, kwa sababu mtu mwenye adabu haingii nyumba ya mtu kwa kichwa. Zilikuja soksi, kisha suruali ya kazi, kisha shali, kisha mikono iliyokuwa imeshika furushi kifuani. Chizuru aliikinga karatasi kwa mikono miwili isikunjike, na mjukuu, Kotone, akasimama kando amevaa nguo za kulalia, anapiga mswaki. Kichwa kilipomalizika mashine ilikata karatasi, ikapiga mlio mmoja, ikanyamaza. Toyono aliinuka sakafuni, akajinyoosha, akainama.

"Samahani kwa usumbufu," alisema.

"Karibu, Bibi," alisema Kotone, akaenda kutema dawa ya mswaki.

Alikuwa wa rangi ya kijivu kuanzia juu hadi chini. Shali yake, ambayo Chizuru aliikumbuka kuwa ya zambarau, ilikuwa kijivu iliyokoza, na nywele zilikuwa kijivu isiyokoza. Toka kwenye paji la uso hadi kidevuni palikuwa na mstari mwembamba mweupe, kwa sababu kioo cha mashine ya kule milimani kilikuwa na uchafu. Chumba kilipopata joto alianza kujikunja mabegani, na Kotone alimnyoosha kwa viganja, taratibu, huku akitazama simu.

Alikuja kwa sababu ya Kotone. Mwezi wa kwanza msichana angesimama na wenzake waliotimiza miaka ishirini, wamevaa kimono, na Toyono alitaka kumpa hela ya kukodi kimono kwa mkono wake mwenyewe. Chizuru alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba angeweza kuituma benki. Toyono alijibu kwamba hela ya kutumwa haina uso; mtoto haoni nani kampa.

Jioni alifungua furushi. Ndani mlikuwa na figili za kuvundika, soksi za kubadilisha, na bahasha. Noti zilikuwa zimepigwa pasi, kama alivyozipiga siku zote kabla ya kumpa mtu, na zote zilikuwa za kijivu. Kotone alipokea bahasha kwa mikono miwili, akainama mpaka nywele zikagusa mkeka.

"Asante, Bibi."

"Usizikunje."

"Sizikunji."

Baadaye jikoni Kotone alimwonyesha mama yake. "Hizi haziingii popote," alisema kwa sauti ya chini. "Ila mama, hata zingekuwa na rangi, mimi ningezipeleka wapi? Mara ya mwisho kushika noti nilikuwa sekondari."

"Ziweke tu. Usimwambie."

"Simwambii. Mimi nazipenda. Zina harufu ya pasi."

Figili zilikuwa na ladha ya karatasi, lakini walizila.

Chizuru alikuwa na miaka hamsini na minne na alifanya kazi kaunta ya ofisi ya bima. Alikuwa amejifunza kulipa kwa simu mwaka uliopita tu, baada ya kijana mmoja wa ofisini kumwona akitoa pochi nene yenye kadi za pointi za maduka, nyingine za maduka yaliyokwisha kufungwa, na kumwambia, "Dada, hiyo ni pochi au kamusi?" Watu walicheka, na yeye alicheka pia. Jioni hiyo alimwomba Kotone amfundishe. Kotone alimfundisha kwa haraka, bila kumtazama, na Chizuru aliandika hatua zote kwenye kikaratasi akakificha nyuma ya kasha la simu.

Hata hivyo hakuwa na ufundi wa Kotone, ambaye alilipa kama mtu anayefukuza nzi. Chizuru alifungua simu akiwa bado kwenye mboga, akaongeza mwanga wa kioo, akaishika wima mbele yake kama mshumaa mpaka afike kwenye mashine. Alijua kwamba wote waliokuwa wakitembea dukani namna ile walikuwa wa rika lake. Aliwaona, nao walimwona, na walikwepana.

Jumamosi Toyono alisema anataka kuwapikia nyama ya kukaangiza mezani, na kwamba nyama atainunua yeye.

"Nitalipa mimi, mama," alisema Chizuru.

"Nimekuja mikono mitupu?"

"Hapana, lakini pale dukani..."

"Pale dukani nini?"

Walitoka. Toyono alitembea upande wa ukutani, kwa sababu upepo wa ziwani ulimyumbisha.

Duka lilikuwa limejaa. Lilikuwa limeondoa watu wote wa kupokea hela na kuweka mashine, na mashine moja tu pembeni ndiyo ilikuwa bado na mdomo wa noti. Toyono alichagua nyama kwa muda mrefu, akachagua vitunguu virefu, mayai na vipande vya jibini la soya, akapitisha kila kitu kwenye taa nyekundu ya kusoma bei mwenyewe, vizuri tu, kwa sababu alikuwa ametazama wengine. Chizuru alisimama nyuma yake, simu wima mkononi. Alipogeuka kidogo aliona kwamba aliyekuwa nyuma yake ni Bi. Sonoyama.

"Leo kuna baridi," alisema Bi. Sonoyama.

"Kweli, ipo," alisema Chizuru.

Toyono aliingiza noti ya yeni elfu kumi. Mashine iliivuta, ikafikiri, ikaitema. Toyono aliinyoosha ukingoni kwa ukucha, akaigeuza, akaiingiza tena. Ikatemwa. Alitoa nyingine. Mashine ilisema kwa sauti ya msichana mpole kwamba tafadhali ahakiki noti yake. Toyono aliiambia, "Nimeshahakiki, mwanangu, nimeipiga pasi," akaingiza ya tatu. Halafu akafungua kibeti cha sarafu, akazimwaga zote kwenye bakuli la mashine. Sarafu hazikulia. Zilikuwa bapa kama maganda ya kitunguu, na mbili zilipeperushwa na hewa ya mlango zikaangukia viatuni kwa watu.

Foleni ilikuwa imefika kwenye rafu ya mikate. Watu walitazama simu zao, na wengine walitazama juu kwenye taa. Mtu mmoja aliokota sarafu, akamrudishia Toyono kwa ncha za vidole.

Mfanyakazi kijana alikuja, kibandiko cha kifuani kimeandikwa Unno. Aliinama, akaitazama noti upande mmoja na upande wa pili.

"Bibi, hela hizi ni za faksi."

"Ndiyo. Nimekuja kwa faksi. Basi halipokei."

"Pole kwa safari. Tatizo ni kwamba mashine yetu inasoma rangi."

"Basi wewe zipokee kwa mkono."

"Hatuna droo tena, bibi. Sina pa kuziweka." Alitazama pembeni, kisha akamtazama Chizuru, ambaye kwa umbo la kidevu na macho alikuwa Toyono mwenye rangi. "Huyu umekuja naye?"

Toyono naye aligeuka. Alimtazama binti yake bila haraka, akiwa amekishika kibeti wazi kwa mikono miwili. Nyuma ya shingo Chizuru alihisi pumzi ya Bi. Sonoyama.

"Hapana," alisema Chizuru. "Mimi niko nyuma yake tu kwenye foleni."

Ili jambo liishe, alinyoosha mkono akapitisha simu yake mbele ya mashine. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze ilikubali papo hapo.

"Namlipia mimi," alisema. "Si kitu."

"Una moyo wewe," alisema Bi. Sonoyama. "Mimi mama yangu humwacha nyumbani. Dukani ananiaibisha."

Toyono alifunga kibeti. Akaweka nyama na vitunguu kwenye mfuko, akajipanga sawasawa mbele ya Chizuru, viganja mapajani, akainama chini kabisa, kama mtu anavyomwinamia asiyemjua.

"Samahani, mama, nimekuchelewesha," alisema. "Asante sana, mama. Mungu akuzidishie."

Alisema mama kama anavyoitwa mwanamke yeyote wa njiani. Kisha akatoka, na mlango ukafunguka kwa ajili yake baada ya kusita.

Chizuru alimfikia kwenye daraja la mfereji. Alitaka kumshika mkono, lakini njiani kulikuwa na watu waliokuwa dukani, wamebeba mifuko ileile, kwa hiyo aliendelea kutembea hatua chache nyuma. Toyono hakugeuka. Walipofika kwenye jengo alisubiri pembeni ya lifti mpaka Chizuru alipobonyeza, akasema, "Tangulia wewe, mama." Mlangoni alivua viatu, akavipanga vikielekea nje, akasema samahani kwa usumbufu.

Usiku huo aliwapikia nyama mezani. Alimwekea Kotone vipande vyenye mafuta, akamwambia habari za nguruwe pori walioingia shambani, akacheka. Chizuru aliponyoosha bakuli, Toyono alilipokea kwa mikono miwili. "Karibu, mama. Chukua na yai. Umetulipia wewe vyote hivi."

Kotone aliacha kutafuna. Walipokuwa wanaosha vyombo aliuliza, "Kwa nini Bibi anakuita mama?"

"Amezeeka," alisema Chizuru.

"Mimi ananiita Kotone."

"Basi ni hivyo. Wazee ndivyo walivyo."

Kotone alipangusa bakuli moja kwa muda mrefu. "Lakini hajakosea kitu kingine chochote," alisema.

Hali iliendelea hivyo. Hapakuwa na ugomvi. Chizuru alipotoka kazini alikuta nguo zimekunjwa, supu ipo, na mama yake amekaa pembeni ya chumba, si pale katikati alipokaa zamani, kama mtu anayesubiri kuambiwa muda umekwisha. Chizuru alinunua keki ya maharage matamu kutoka duka alilolipenda mama yake. Toyono aliila nusu, akaifunga nusu kwenye karatasi, akasema mama amejisumbua bure. Siku moja Chizuru alipiga magoti mbele yake, akaanza kusema, "Siku ile dukani..." Toyono alimtazama kwa makini ya kirafiki, akisubiri, na simu ya Chizuru ikalia, ilikuwa ni mumewe, aliyefanya kazi Hiroshima, akiuliza kuhusu matairi ya theluji. Alipomaliza habari za matairi hakuweza kurudi alipokuwa.

Toyono alipenda kukaa roshanini mchana, kwenye jua la baridi. Kwa sababu hiyo alianza kufutika. Karatasi ya mashine ile ilikuwa ya aina isiyopenda mwanga; Chizuru alijua, maana risiti zake za zamani zilizokaa dirishani zilikuwa zimebaki nyeupe. Kwanza ziliondoka nyusi. Halafu maua ya shali. Halafu Kotone alisema kwamba akisimama mbele ya pazia jeupe Bibi inabidi umtafute.

Chizuru alifunga mapazia. Alipotoka kwenda kazini Toyono aliyafungua.

"Bibi, utafutika," alisema Kotone.

"Ndiyo. Lakini jua la huku ni zuri. Kule kwetu sasa hivi mlima umelifunika."

"Tukupige picha? Ukae kwenye simu yangu."

"Humo ndani nitafanya nini?"

Jumapili moja kidevu cha Toyono kilikuwa hakionekani, na Kotone alimwambia mama yake kwamba wamrudishe kabla hajaisha. Walienda ushorobani wote watatu. Kotone aliondoa kitambaa. Hakuwahi kutuma faksi maishani. Aliuliza ni upande gani unaangalia chini.

"Uso," alisema Toyono. "Uso ndio unaangalia chini. Usinisukume, itanivuta yenyewe."

Alimuaga Kotone kwa kumshika mashavu. Akamgeukia Chizuru, akainama.

"Nimekaa sana. Asante kwa wema wako, mama."

"Mama," alisema Chizuru.

Sauti ilitoka jinsi alivyokusudia, lakini kwa kuwa wote wawili sasa walikuwa wanaitana hivyo, neno halikuonyesha chochote. Toyono aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akalala juu ya mashine. Ilimvuta. Chizuru alibonyeza namba za kule milimani kutoka kichwani. Ndizo namba pekee alizokuwa bado anazijua kwa kichwa, nyingine zote zilikuwa kwenye simu. Upande wa pili wa mashine ilitoka karatasi ndefu, nyeupe kabisa. Kotone aliikunja vizuri.

"Ni ya takataka za karatasi, au?" aliuliza.

"Sijui," alisema Chizuru. "Iache hapo."

Katikati ya Desemba, theluji ya kwanza ilipoyeyuka, Chizuru aliendesha gari kwenda milimani. Alikuwa hajaenda tangu sikukuu ya wafu ya mwaka uliotangulia. Mama yake alikuwa sebuleni, miguu chini ya meza yenye kipasha joto, anafungua nyuzi za persimoni, matunda matamu yaliyokaushwa kwa kutundikwa. Shali ilikuwa ya zambarau. Uso ulikuwa na rangi, mashavu mekundu kwa baridi, na hapakuwa na mstari.

"Umekuja," alisema. "Chizuru. Ingia, funga mlango."

Chizuru aliposikia jina lake ilibidi akae chini akiwa bado na koti.

"Nilikuwa sijaondoka, unajua," alisema Toyono, akimmiminia chai. "Faksi ni hivyo. Inakwenda nakala, mwenyewe unabaki. Nilikaa hapa kungoja nirudi na habari gani. Nimerudi hafifu sana, lakini nilisomeka. Nyama tulikula?"

"Tulikula, mama."

"Kotone alifurahi?"

"Alifurahi sana."

Toyono alifungua droo ya kabati, akatoa bahasha. Noti zilikuwa na rangi na zilikuwa bado zimenyooka. "Zile zilikuwa nakala tu. Mpe hizi, na usimtumie benki. Mpe mkononi."

"Nitampa."

"Kuna kitu kimoja hakikusomeka vizuri." Toyono alisukuma kikombe pembeni. "Dukani hela yangu ilikataliwa, hilo limesomeka. Watu walikuwa wengi nyuma yangu. Nilikuwa peke yangu pale. Wewe ulikuwa wapi?"

Chizuru alitazama chai. Nje maji ya theluji yalikuwa yanadondoka kwenye kibati.

"Nilikuwa kwenye mboga," alisema.

"Ndivyo nilivyodhani. Basi kulikuwa na mama mmoja kwenye foleni, simjui hanijui, akanilipia. Uso wake umefutika, lakini nimebaki na viatu vyake, viatu vizuri. Mtu wa mjini kabisa, mwenye simu. Aibu iliyonishika, Chizuru, sijui ningetokaje pale bila yeye." Alianza kupanga persimoni kwenye boksi, moja moja, zile nene zaidi. "Utakuwa unamwona dukani. Mpe hizi. Mwambie zimetoka kwangu."

Viatu vilikuwa hapo mlangoni, Chizuru alikuwa amekuja navyo. Toyono aliwekea boksi karatasi, akalifunga kwa kamba, akakata ncha kwa mkasi.

Chizuru alisema atampa.

Jioni aliposhuka, mama yake alisimama barabarani akiinama mpaka gari lilipokata kona. Chizuru alisimamisha gari kwenye maegesho ya chini ya jengo lake, akazima taa, akafungua boksi juu ya mapaja. Alizila zote. Zilikuwa tamu kuliko alivyokumbuka, na za mwisho alizila akiwa hazitaki tena.

Mwezi wa kwanza, siku ya kimono, basi la milimani lilikuwa bado halipokei hela, na Chizuru hakuwa amepata nafasi ya kwenda kumchukua. Asubuhi mashine ililia. Zilikuja soksi, kisha sketi nzuri ya sherehe, kisha mikono. Toyono alisimama ushorobani, kijivu na mwenye joto, akamtazama binti yake na kumwita kwa jina.

"Yule mama alizipenda?" aliuliza, kabla hata hajajinyoosha.

"Alizipenda sana. Alisema zilikuwa tamu."

"Anaitwa nani?"

Kotone alikuwa mlangoni pa chumba, nywele zimepambwa, anamtazama mama yake kwenye kioo.

"Sikumuuliza," alisema Chizuru, akaenda kufunga mapazia.